Mwanatatu Hakuhama

Mke wangu aliitwa Mwanatatu. Alizaliwa Bofu, huku Likoni, katika nyumba aliyozaliwa mamake, na ndimo alimozaa yeye. Mimi nilitoka Mtongwe na sanduku langu la bati, nikaingia. Mbele za watu alipenda kusema, "Huyu mimi ndiye niliyemuoa. Nimempa nyumba, nimempa kitanda, na chai nampa." Watu wakicheka, nami nikicheka. Ilikuwa kweli.

Nyumba ile ilikwenda kwa wanawake. Bibi yake alimwachia mamake, mamake akamwachia yeye, naye alikuwa akimwekea binti yetu Ikhlas. Ikhlas ameachwa na mumewe, ana watoto, hana pengine pa kulaza kichwa. Kijana wetu Sufyan yuko Magongo. Amepanga chumba huko, karibu na kazi yake ya makontena.

Nyumba yetu, ardhi si yetu. Bofu wako wengi namna hiyo. Ardhi ilikuwa ya babu yake Yasir. Babu huyo na bibi yake Mwanatatu walikubaliana kwa mdomo, wazee wakashuhudia, fatiha ikasomwa. Maneno yalikuwa mafupi. Nyumba ikae maadamu ina paa na ina watu. Kuitengeneza, itengenezwe. Kujenga mpya, hapana. Siku paa litakapoondoka na watu wakahama, ardhi irudi kwa mwenyewe.

Waliokubaliana wamekufa wote. Ardhi sasa ni ya Yasir, naye anakaa Nyali. Ploti za jirani zimeota maghorofa, na kila yakiota, Yasir hupita kwetu kutusalimu.

Kazi ya Mwanatatu ilikuwa kushona makuti. Asubuhi akishafagia ua, huketi barazani na jirani yetu Kahaso, Mgiriama, mwanamke wa kanisa. Miguu wameinyoosha. Wanakunja majani ya mnazi juu ya kijiti, wanashona kwa ung'ong'o, utepe wa jani uliorowekwa, wanatupa pembeni, wanashika jingine. Vidole vyao vilikuwa vigumu kama visigino. Midomo nayo haikupumzika.

"Kahaso, kuti lako limekaa kama nywele za mchawi."

"Na lako limebana kama mkono wako. Mdigo hata jani aona uchungu kulitoa."

Makuti hayo yalipakiwa lori, yakavuka maji, yakaezekwa kwenye hoteli za ufuoni Nyali. Wageni wakakaa chini yake wakapigana picha. Kwetu huku, mwenye makuti huonewa huruma. Mwanatatu akisema, "Kule watu walipa wakae chini ya makuti yangu. Hapa mwanangu aona haya kuleta rafiki." Alisema akicheka. Sijui kama alikuwa akicheka kweli.

Paa letu alilitunza kwa namna yake. Hakuliezua hata siku moja. Kila mwaka, kabla ya masika, alibadilisha ukanda mmoja tu. Alianzia upenuni mbele. Mwaka unaofuata juu yake, hivyo hivyo mpaka kwenye mwamba, boriti la kileleni, kisha upande wa nyuma. Akimaliza, pale alipoanzia pameshachoka, anaanza tena. Kwa hiyo paa lile halikuwa jipya wala halikuwa kuukuu. Haikutokea siku mtu akasimama njiani akasema, hawa leo wamejenga. Yasir akipita aliona nyumba ile ile aliyoiona babu yake.

Matundu aliyatafuta hivi. Jua likiwa la utosi hufunga milango na madirisha, akakaa ndani gizani, akaangalia juu. Penye tundu panaonyesha nuru. Huchukua ufito akaupenyeza pale. Mimi niko juu ya paa. Nikiona ufito umechomoza, nainua kuti la zamani, nachomeka jipya chini yake, nafunga. Yeye ndani apiga kelele.

"Si hapo! Kushoto!"

"Nimeuona."

"Umeona nini, na nuru bado yaniangalia?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Magoti yangu yalipokataa ngazi, alitafuta vijana wa mtaa wapande, nami nikakaa chini kuwaonyesha. Hakuridhika nao. Alisema wanafunga kama wanaofunga mbuzi wa watu.

Masika ya mwaka jana yalikuja na upepo mbaya. Uliingia kutoka baharini, ukainua pembe ya nyuma ya paa kama mtu anayefunua sufuria. Maji yakaingia kitandani. Tukasogeza kitanda, tukaweka beseni. Mwanatatu alikuwa na kifua tangu zamani, kikohozi kikamshika. Sufyan alipokuja kututazama, aliliona beseni.

"Mama, hii aibu. Nitakuwekea mabati."

"Weka kwako Magongo."

"Kwangu mimi mpangaji."

"Basi mwekee mwenye nyumba wako, atakupenda."

"Mama, sifanyi mzaha. Makuti kila mwaka, kila mwaka. Bati ukishaliweka, umelala."

"Ukiweka bati, waezua kwanza. Ukiezua, Yasir yuwaja. Umesahau maneno ya bibi?"

"Maneno ya watu waliokufa."

"Mimi sijafa."

Sufyan akaniangalia mimi. Nikamwambia nyumba ni ya mamako, muulize mamako.

Sufyan si mtoto mbaya. Nalisema hili kwa taabu, lakini nalisema. Alimpenda mamake. Aliona akibishana naye hashindi, basi atamfanyia jambo la kumfurahisha bila kumwambia. Akampigia simu Yasir kuomba ruhusa ya kuweka mabati. Yasir akamjibu, "Endelea, ndugu yangu. Mimi sina neno. Mama yako ni mama yangu." Sufyan akaridhika.

Kwetu ruhusa ya jambo la nyumba huombwa kwa miguu. Unakwenda na mtu mzima, mnakaa, kahawa inaletwa, na maneno yanasemwa mbele ya mzee wa mtaa. Sufyan amezaliwa hapa, anajua. Lakini feri ina foleni, Nyali ni mbali, na simu iko mkononi.

Akangoja tuondoke. Shangazi yake Mwanatatu alifariki Msambweni, tukaenda matangani sote, mimi na yeye, na Ikhlas na watoto wake. Ufunguo tulimwachia Kahaso. Sufyan akaja akauchukua. Kahaso alimuuliza wa nini, akamwambia, "Nataka kumfagilia mama." Kahaso akampa. Nani angemnyima mtoto ufunguo wa kwa mamake?

Siku tuliyorudi, Ikhlas alikuwa mbele kichochoroni. Akasimama.

"Baba," akasema, "mbona kweupe?"

Paa halikuwapo. Kuta zetu za udongo zilikuwa zimesimama peke yake, na juu yake mbingu. Makuti yote yalirundikwa uani, mengine yameshachomwa, moshi bado unatoka. Makombamoyo, yale maboriti yaliyobeba paa, yalikuwa yamekatwa na kutupwa. Nyuma ya nyumba yalisimama mabati mapya yakimetameta, na juu ya ukuta alikaa kijana na nyundo.

Sufyan akatoka mlangoni, uso wote kicheko. "Mama! Mmewahi mno kurudi! Nilitaka uikute tayari."

Mwanatatu alimpita. Aliingia ndani na buibui lake, akaangalia juu kwa muda. Halafu akaketi kitandani. Yule kijana wa juu akaona amsalimu.

"Shikamoo, mathe. Usijali, hii paa tunaimaliza kesho kutwa. Hizi mbao zako zilikuwa zimeoza, hazingeshika bati. Nimetoa zote."

"Wewe ni nani?"

"Dancun. Fundi wa mabati."

"Kwenu wapi?"

"Siaya. Lakini Likoni nimekaa sana."

"Na huko Siaya mtu akienda matangani, mwamuezulia nyumba?"

Dancun akamwangalia Sufyan. "Mdosi alisema ni sapraizi."

"Nimeshaipata. Shuka."

Akashuka.

Ndipo Sufyan akaanza kueleza habari ya simu. Yasir kakubali, Yasir hana neno. Mwanatatu akamsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza jambo moja tu. "Alipokuwa akisema, nani alikuwa karibu nawe?" Sufyan akasema alikuwa peke yake, kazini. Mwanatatu akavua buibui, akalikunja, akaliweka chini ya mto. Akasema kimya kimya, "Basi."

Yasir alikuja kesho yake asubuhi. Sijui nani alimpelekea habari. Alikuja na kijana wa kupima ardhi, kamba ya kupimia mkononi. Ikhlas alipowaona, akakimbia kumwita Mzee Ngowa, mzee wetu wa mtaa. Tukasimama wote mle ndani, chini ya mbingu, kama watu waliokutana sokoni.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee," akasema Yasir. Adabu hana upungufu. "Naona mmeezua."

"Nilikupigia simu," akasema Sufyan. "Ukasema endelea."

"Simu? Napigiwa simu nyingi. Hiyo siikumbuki."

"Wallahi ulisema—"

"Usiape, ndugu yangu. Leta shahidi."

Sufyan akaitazama simu yake. Sijawahi kumuona mtu mzima akiwa mdogo vile.

Yasir akamgeukia mke wangu. "Mama, maneno ya wazee unayajua kuliko mimi. Paa limeondoka."

"Limeondoka," akasema Mwanatatu. "Na watu?"

"Watu hawakai ndani ya kuta tupu. Tazama mawingu hayo. Mtahama tu, na mimi sitawaharakisha."

"Mzee Ngowa," akasema Mwanatatu, "mimi nimehama?"

Mzee Ngowa akakuna kidevu. Ni mtu wa haki, lakini haki yake huja polepole. "Hujahama. Maneno yalikuwa mawili, paa na watu. Paa halipo. Mwenye nyumba yumo. Akitoka kwenda kukaa pengine kabla paa halijarudi, hapo Yasir ana lake."

"Na paa lenyewe lirudi la nini?" akauliza Yasir. "Mabati sikubali. Mabati ni kujenga."

"Lirudi la makuti, kama lilivyokuwa."

Yasir akatazama tena juu. Mawingu yalikuwa yanashuka. Akatabasamu. "Sawa. Nitakuja kuwatazama."

Alipotoka, nilimwambia mke wangu, "Wewe nenda kwa Kahaso, una kifua. Hapa nitakaa mimi."

"Wewe si mwenye nyumba."

"Mimi mumeo."

"Wewe uliletwa na sanduku. Ukikaa peke yako, Yasir atasema ni mgeni aliyesahauliwa."

Alisema kwa mzaha, lakini hakuinuka. Ikhlas akasema, basi nitakaa mimi, nyumba itakuwa yangu. Mamake akamkatiza. "Itakuwa. Bado nakula. Wewe peleka watoto pakavu, uniletee uji."

Mvua ikaja mchana ule ule.

Sufyan na Dancun walifunga turubai juu ya kitanda. Upepo ukaling'oa, likaenda kujibandika kwenye mnazi wa jirani. Wakalirudisha, likapasuka katikati. Mwisho Mwanatatu alikaa kitandani chini ya bati moja walilolilaza juu ya ukuta na meza, mimi kando yake, maji yakitupita miguuni. Bati lilikuwa likipiga makelele. Akasema, "Sikia. Hicho ndicho alichotaka Sufyan niwe nakisikia maisha yangu yote."

Nyumba ya udongo bila paa ni sukari. Ukuta wa jikoni ulianza kulegea, halafu ukakaa chini wenyewe, taratibu, kama mzee. Mwanatatu aliutazama. "Huo utajengwa," akasema. Akakohoa mpaka akashika kitanda.

Nilimwambia tutoke. Nilimwambia tena. Nilimshika mkono nimuinue, akautoa mkono wangu kwenye wake, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nikitoka, Ikhlas atakwenda wapi? Kwa Sufyan, chumba kimoja, mkewe akimhesabia vikombe vya chai? Sema, atakwenda wapi?"

Nikaketi tena kando yake.

Kahaso alikuja na uji na shuka kavu. Akatuangalia chini ya bati letu. "Mwanatatu, umekuwa kuku wa watu, umefunikwa tenga."

"Nitage nini?"

"Taga akili. Makuti ya Nyali yako kwangu uani, yamefunikwa. Yote. Lori halijaja."

Yalikuwa makuti ya hoteli, wameyashona wawili kwa miezi. Mwanatatu akasema, "Hayo ni ya watu." Kahaso akasema, "Wazungu watanyeshewa, wataingia ndani, ndani mwao mna ndani nyingine. Wewe huna." Akaenda zake bila kungoja jibu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Maboriti yalitoka kwa majirani. Huyu alikuwa na mawili ya banda la kuku, yule alikuwa na moja la choo alichokuwa hajamaliza. Wanawake wa kanisa la Kahaso walileta kamba. Dancun hakuitwa na mtu. Angeweza kwenda zake, malipo yake alishapewa nusu. Alikuja tu na msumeno akaanza kupandisha makombamoyo, huku mvua ikimpiga. Kujenga mbao alijua. Makuti hakuyajua kabisa, na wanawake walimla nyama kwa mzaha.

"Dancun, huko ni juu au chini?" akamuuliza Kahaso.

"Si hivi, mama?"

"Hivyo maji yataingia na kuuliza chumba cha kulala kiko wapi. Geuza!"

"Haya mambo yenu bana. Bati unapiga msumari, unashuka, unakunywa soda."

"Soda utakunywa. Funga kwanza. Si hivyo, kijana, humnyongi mtu!"

Watu wakacheka. Hata Mwanatatu alicheka, nikamsikia, halafu kicheko kikageuka kikohozi na hakikurudi kuwa kicheko. Sufyan alikuwa juu upande wa pili. Akifunga kuti anatazama chini kwa mamake, mamake hamtazami.

Mvua ilikatika na kurudi. Walifanya kazi ikikatika, wakafanya kazi ikirudi. Nilizunguka chini nikiwapa makuti, hiyo tu ndiyo niliyoiweza. Kila nikiingia ndani, namkuta amekaa wima, mgongo ukutani, macho juu, anafuata kila kuti linavyoingia. Mwili wake ulikuwa moto. Ikhlas akalia, akasema, mama twende hospitali, tutarudi. Akamjibu, "Nikitoka nimehama. Subiri lifike mwambani."

Likafika mwambani. Waliweka kuti la mwisho asubuhi, anga limetulia, na ndani mkawa giza kama lilivyokuwa giza letu la siku zote. Mwanatatu alitazama juu pote. Hakuona nuru. Akasema, "Mwiteni Mzee Ngowa." Mzee Ngowa akaja, akampigia Yasir mbele yetu, sauti nje, kila mtu asikie. Yasir akaja kabla ya adhuhuri. Alisimama uani na viatu vyake vizuri, akatazama paa. Akaingia, akatazama mwenye nyumba.

"Makuti mazuri," akasema.

"Ya hoteli," akajibu Mwanatatu. Sauti yake ilikuwa inatoka mbali.

"Basi, mama, mimi sina neno."

"Sema tena, Mzee Ngowa asikie."

Yasir akasema tena, akaondoka.

Ndipo Mwanatatu akasema, "Haya. Nipelekeni sasa." Sufyan akambeba. Mamake alimwachia ambebe, akaegemeza kichwa begani kwake. Nilidhani huo ni mwanzo wa kupatana kwao. Hospitali walisema kichomi, mapafu yote mawili, tumechelewa. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama watu wanaosema hivyo kila siku.

Hakurudi akiongea tena.

Alioshwa chini ya paa lile. Watu wa matanga walikuwa wakiingia, wanatoa pole, kisha wananyanyua macho na kusema, "Mashaallah, paa jipya." Mara nyingi nilitaka kumtoa mtu nje kwa neno hilo. Wanawake waliomwezekea ndio waliompikia wali wa matanga. Kahaso hakula. Alikaa mlangoni, mikono imelala mapajani, haishoni kitu. Sikuwahi kuiona mikono yake imelala.

Yasir naye alikuja. Amevaa kanzu, amekaa mkekani kwa heshima, sahani ikawekwa mbele yake. Akaniambia, "Mzee Khatibu, tumempoteza mama yetu sote."

Nikamwambia, "Kula, mwanangu. Wali wetu, mkeka wetu, ardhi yako. Hujakaa kwa mtu."

Watu wakainamisha vichwa. Yasir akala. Alikula vizuri.

Kuna watu wananiambia mke wangu alikuwa shujaa. Wananiambia kwa furaha, kama kwamba wamenipa zawadi. Mimi nasema alikuwa mkaidi. Alinitazama mimi upande mmoja, akatazama kuta za udongo upande wa pili, akachagua. Nimelala naye kitanda kimoja tangu tukiwa vijana, na katika kupimwa nilikuwa mwepesi kuliko nyumba. Ikhlas hapendi niseme hivi. Anasema, "Mama alituchagua sisi, baba." Labda. Wao aliwachagua. Sikusikia jina langu.

Nyumba sasa ni ya Ikhlas. Mzee Ngowa alikuja akalitamka mbele ya watu, na Yasir, kwa vile alishasema hana neno mara mbili, alitikisa kichwa kukubali. Ukuta wa jikoni tumeusimamisha. Hoteli ya Nyali haikufurahi kukosa makuti yake, Kahaso na Ikhlas wakawashonea mengine. Ikhlas anakaa barazani mahali pa mamake. Anashona haraka kuliko mamake, na vibaya kuliko mamake. Yale mabati Sufyan aliyauza. Dancun alimpelekea mteja, na mwenyewe Dancun hakutaka faida.

Sufyan huja kila Ijumaa baada ya swala. Huleta unga, huleta dawa zangu, huketi barazani nje. Ndani haingii. Mimi simwambii aingie, simwambii aende. Anazungumza na watoto wa Ikhlas, anatazama upenu, anaondoka. Siku moja alinianza, "Baba, mimi..." Nikamwambia naumwa kichwa.

Masika ya mwaka huu yameanza juzi, Ijumaa. Mvua ilikuja kwa kishindo, upepo nao, ule ule wa baharini. Tulikuwa ndani, mimi nimelala ubavu, Ikhlas akisuka nywele za bintiye. Nilikuwa nikiliangalia paa. Nilikuwa nikingoja lifunuke, nisiseme uongo. Halikufunuka. Hapakudondoka hata tone. Mwanatatu alilikalia mpaka likafungwa sawasawa, na mimi nimelala pakavu, na pakavu pale paliniuma kuliko maji.

Ikhlas akasema, "Halivuji, baba." Amefurahi. Ana haki ya kufurahi.

Sufyan alikuwa barazani. Upepo ulikuwa ukimrushia mvua. Tulimwona kupitia mlango, amejikunyata, kofia yake imelowa imemganda kichwani.

"Baba, mwambie aingie," akasema Ikhlas. "Ataumwa na yeye."

"Nyumba yako. Mwambie wewe."

Akaniangalia. Akaweka kichana chini, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, si ya ndugu, "Sufyan, ingia."

Akaingia. Akatazama pa kukaa, hakujua. Kitanda kile kile kilikuwa pale na hakukikaribia. Mwisho akakaa chini karibu na mlango, magoti kifuani, maji yanamchuruzika kwenye sakafu aliyoipiga mamake. Ikhlas akamtupia kanga ajifute. Akaishika, akaitambua ni ya nani, akaiweka mapajani bila kujifuta.

Mvua ikaendelea juu yetu. Kwenye makuti haina kelele, unasikia kama mtu anapepeta mchele mbali. Viatu vyake Sufyan alikuwa ameviacha nje, vinalowa. Tuliviona sote watatu. Hakuna aliyeinuka.